Sindano ya Kichina kung'ang'ania mwilini sio mshipa ulionaswa

Dada uliyeuliza kuhusu bi mkubwa wako, kwamba walipomchomoa sindano ya Kichina kiunoni (akupancha, ile tiba ya kuchomeka visindano vyembamba) ngozi ikainuka kama hema na sasa nyumbani mnahofia mshipa umenaswa, poleni sana, hata mimi niliogopa hivyohivyo mwaka juzi. Mgongo wangu ulikuwa umechoka na viroba vya viazi pale Uyole, nikaenda kwa mtaalamu mmoja hapa Mbeya mjini, akachomeka kasindano kembamba sikusikia hata kitu, ila alipoanza kukazungusha kwa vidole ndo ikaja hali ya uzito na ganzi kama kuna kitu kinavutwa kwa ndani, naye akasema anasikia kamekamatwa.

Nikajua ni msuli umekaza. Kumbe wala. Umeshaona mbuzi akichunwa? Kati ya ngozi na nyama kuna ule utando mweupe unaovutika, umejaa nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoupa mwili uimara, sasa huo ndo unaoshika. Nyuzi zinanata kidogo kwenye chuma, ukizungusha zinaanza kujisokota, na mzunguko wa kwanza ukishakamata zinavutana zenyewe kwa zenyewe, sawa na uzi wa kiroba ukiingia kwenye ekseli ya baiskeli.

Hii imepimwa kabisa. Mwaka 2001 daktari Helene Langevin na wenzake kule Vermont, Marekani walichukua watu 60 wazima wa afya, wakapima nguvu ya kuichomoa sindano, iliyozungushwa upande mmoja ilitaka nguvu zaidi kwa asilimia 167 kuliko isiyozungushwa, iliyozungushwa huku na huku kwa zamu asilimia 52. Na hata nje ya zile pointi za Wachina, yaani sehemu maalumu wanazochomeka, ilishika, mimi hilo nalipenda sana maana linaonyesha ni mwili wenyewe ulivyoumbwa. Baadaye kwenye tishu za panya wakaona seli za huo utando, faibroblasti, zinatanuka na kubapa ndani ya nusu saa. Ila hayo hayathibitishi kwamba mgongo unapona, tusidanganyane, wangu ulipata nafuu lakini na viroba nilikuwa nimeacha.

Mwambie mama ikishika tena asiivute mwenyewe wala asikubali ivutwe kwa nguvu, mtaalamu airudishe taratibu upande wa kinyume. Yangu alivyoirudisha hivyo ikalegea ikatoka, hata tone la damu hakuna.