Zawadi za Desemba: ninachobeba kwenda nyumbani, na vitabu vilivyoingia kwenye begi

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: Krismasi hii watu wa nyumbani tunawapelekea nini, sisi wenyewe tungependa kupewa nini, na mwaka huu tumesoma nini. Mimi kila mwisho wa mwaka natoka Dar kwenda Marangu, na siku hizi maswali yako yote matatu nayamaliza kwenye mzunguko mmoja wa mjini.

La kwanza, uliza. Mama alipoulizwa alitaja nazi na korosho, basi. Watu wanahangaika na mifuko ya sukari kutoka Dar hadi Moshi, ilhali kiwanda cha sukari cha TPC kiko palepale chini ya mlima. Nazi ndiyo haioti Marangu. Korosho nazo msimu wake ndio huu, mpya zinatoka Mtwara na Lindi.

Khanga haikosi. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, uende asubuhi, na uende kabla ya tarehe 20, maana baada ya hapo hutembei, unasukumwa tu, huku mkono umeng'ang'ania simu. Doti usiilipie ikiwa imekunjwa. Ifunue yote, tazama kama pindo limechapwa sawa, sugua rangi kwa kidole chenye maji, halafu jina, yale maneno yaliyochapwa, ulisome mwenyewe. Muuzaji anakuchagulia rangi, hajui unampelekea nani. Mimi nilishashikishwa khanga safi ya zambarau, kuifunua nakuta "Mwenye wivu ajinyonge". Hebu mpelekee mama mkwe hiyo, mbele ya mawifi, siku ya Krismasi! Niliirudisha nikachukua "Wema hauozi". Kaka wa watu alianzia elfu 18, tukamalizana elfu 13.

Viatu vya watoto, waambie wapime mguu kwa rula, wakutumie sentimita. Picha ya unyayo kwenye WhatsApp haina vipimo.

Mtihani ulikuwa mzee. Mashati anayo, koti analo, ukimuuliza anajibu, "Nyie mje wazima tu." Amefanya kazi bandarini Dar mpaka kustaafu, kwa hiyo mwaka jana nikampelekea Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Na miwani ya kusomea juu yake, kwa sababu mtu wa umri wake ukimpa kitabu bila miwani umempa pambo la kabati. Krismasi ilipopita alikaa nacho barazani kutwa. Kila tukikatiza na sinia la nyama anatusimamisha: "Ngoja, sikia hapa." Anasoma aya moja, kisha anaingiza ya kwake, nani alidondosha gunia, msimamizi gani alikuwa mkali, malipo yalichelewa vipi. Mengine sisi watoto wake hatukuwahi kuyasikia. Nyama ilipoa, mama akanuna kidogo.

Mwaka huu zamu ni ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994, sisi tukasubiri mpaka 2022 ndipo wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Nimeisoma mwenyewe kwanza (zawadi ya kitabu ina raha yake, unaionja kabla ya kuikabidhi). Ni habari ya Yusuf, mtoto anayeondoka kwao na tajiri Aziz akidhani wanaenda kwa ndugu, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Baadaye anaingia kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Wengine watasema safari inakwenda taratibu. Mimi ndipo iliponishika: wapagazi, hongo ya kupita kwa kila mtemi, maradhi, na mtoto anaelewa kidogokidogo kwamba ameuzwa. Mzee ataipenda kwa ule mzigo mabegani mwa watu.

Niliinunua duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora mjini Dar. Vile vya mitumba vinavyotandazwa chini kule Posta navyo vizuri, ila kagua kurasa za katikati na za mwisho kabla hujatoa hela.

Kuhusu mimi kupewa, nataka Vuta n'kuvute, ya Shafi huyohuyo. Yangu iliazimwa na jirani, akahama nayo. Mume wangu ameshaambiwa. Asilete manukato, na asije na kisingizio cha ada za Januari, ada tumeshaziweka pembeni.

Tiketi kata sasa hivi, ukingoja wiki ya sikukuu, stendi ya mabasi ya Mbezi utauziwa kiti cha mwisho juu ya tairi. Na vitabu vikae kwenye begi la mkononi. Kwenye buti weka nazi.