Asilimia 98 ya nini?

Swali: Bango moja limeandikwa, "Kondomu hukinga mimba kwa asilimia 98%." Rafiki yangu anashikilia kwamba maana yake ni mkifanya mapenzi mara 100, mara 2 mimba itaingia. Mimi nakataa ila nashindwa kueleza. Na hapo ni "hukinga" au "huzuia"?

Jibu: Umepatia wewe, na rafiki yako usimcheke, aliyemponza ni mwandishi wa bango. Tuanze na ile alama. "Mia" tumeipata kwa Waarabu, ndiyo maana wazee husema "mia fil mia", na alama ya % ndiyo asilimia yenyewe. Anayeandika vyote viwili aandike pia "kilo 5 kg". Hilo nimelipigia kelele mpaka sauti imekauka. Sasa nalitazama tu likipita.

Linaloniwasha bado ni "kwa". Asilimia ni fungu, na fungu halipo mpaka pawe na kitu kilichogawanywa: asilimia 10 ya mshahara, asilimia 60 ya wapigakura. Kale ka-"ya" kanamlazimisha mwandishi ataje kitu. Akiweka "kwa", ameshatua mzigo. Hukinga kwa asilimia 98: ya siku? ya mbegu? ya matendo? Msomaji kaachiwa pengo ajaze mwenyewe, na rafiki yako kajaza matendo. ("Kwa asilimia kubwa nakubaliana nawe" nimeshaisamehe. Anayesema hivyo hajahesabu kitu.)

Kinachohesabiwa ni wanawake, tena kwa mwaka mzima. Katika miaka ya 1930, mwanabiolojia wa Marekani, Raymond Pearl, alileta kipimo ambacho hadi leo kina jina lake: chukua idadi ya mimba zilizoingia, zidisha kwa 1,200, gawanya kwa jumla ya miezi ambayo wanawake wote waliochunguzwa walitumia njia hiyo. Jibu ni idadi ya mimba kwa kila miaka 100 ya matumizi. Siku hizi wengi hutaja tu ni wanawake wangapi kati ya 100 hushika mimba katika mwaka wa kwanza wa kutumia njia fulani. Kwa kondomu za kiume, zikivaliwa vizuri tena kila mara, ni 2. Kwa matumizi ya binadamu tunaowajua, leo kavaa, kesho kasahau, ni kama 13. Vidonge navyo huanzia chini ya 1, vikafika 7 kwa wanaosahausahau. Bango limechagua ile 2, likaitoa kwenye 100, likapiga vigelegele.

Haya, tuitoe na sisi. Wanawake 100 wanaofanya mapenzi bila njia yoyote: kwa mwaka, wapatao 85 hushika mimba. Mia toa 85, zinabaki 15. Kwa hesabu ya bango, basi, kutotumia chochote "hukinga mimba kwa asilimia 15%"! Nani yuko tayari kulitundika hilo? Uzembe nao umekuwa njia ya uzazi wa mpango, haina gharama, haina maudhi madogo madogo, na kliniki zianze kuigawa. Njoo kwa wanaomwaga nje: kati ya wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo, takriban 20 hushika mimba kwa mwaka. Bango litampa bwana huyo "asilimia 80", naye atatembea kifua mbele kama aliyefaulu mtihani, ilhali mwanamke mmoja kati ya watano analea mimba ambayo haikupangwa.

Kuhusu "hukinga", sikatazi, ila lina pande mbili. Aliyetega ndoo chini ya mfereji wa paa anakinga maji kwa sababu anayataka. Mwenye mwavuli anajikinga na mvua kwa sababu haitaki. Bango halisemi kama limeshika ndoo au mwavuli. Kondomu "huzuia mimba". Mtumiaji "hujikinga na mimba".

Ningeandika hivi: "Kati ya wanawake 100 wanaotegemea kondomu kwa mwaka mmoja, 13 hivi hushika mimba; kondomu zikitumiwa vizuri kila mara, ni 2." Wakilalamika kwamba ni ndefu na nafasi haitoshi, wapunguze picha ya ile familia inayotabasamu.