Magitaa ya zamani ya kupiga: tazama shingo kabla ya mwaka

SWALI: Shikamoo fundi. Nimehamia Dodoma kikazi, naishi Ipagala. Napiga solo kanisani na kwenye bendi ya wikiendi. Nataka kukusanya taratibu magitaa ya umeme ya zamani, manne au matano, ya kupiga na si ya kutundika ukutani. Mawili nimeshayaona. Moja ni la Kijapani la miaka ya 60 lililokuwa stoo ya bendi iliyovunjika. Jingine ni Fender Stratocaster inayouzwa mtandaoni kutoka Marekani, na muuzaji anasema ni ya 1966. Nianze na lipi? Nitajuaje kama ni la kweli? Na ukavu wa huku hautayaharibu?

JIBU: Marahaba. Nimefurahi kusikia unataka kuyapiga, maana hilo linabadilisha namna nzima ya kununua. Bei ya gitaa la zamani hupandishwa na watu wanaotafuta uasilia: rangi ya kiwandani, skrubu za kiwandani, lehemu ambayo haijawahi kuguswa. Gitaa la mwaka uleule likishapakwa rangi upya au kubadilishwa vikazio vya nyuzi, bei yake huanguka hata kama linalia vizuri kama mwanzo. Wewe nunua hayo yaliyoanguka bei. Magibson ya zamani (magitaa ya kampuni ya Gibson ya Marekani), kwa mfano, kichwa chake kimelala nyuma kwa pembe kali, na mahali hapohapo mbao imechimbwa kupitisha fimbo ya chuma ya shingo, kwa hiyo likianguka chali huvunjika pale. Lililovunjika na kugundishwa na fundi makini linaweza kuuzwa nusu ya bei ya zima, nawe utalipiga miaka ishirini bila kukumbuka ufa ulikuwa wapi.

Usichoweza kusamehe ni shingo mbaya. Waya hubadilishwa, swichi hubadilishwa, hata pikapu, yaani sumaku zenye koili ya waya zinazonasa sauti ya nyuzi, husukwa upya. Shingo iliyojisokota ni hasara. Ukifika kwenye hiyo stoo, kabla hujauliza bei, lishike gitaa kwa kitako na uchungulie kutoka mwilini kuelekea kichwani, jicho moja limefumba, kama seremala anavyokagua ubao. Kingo mbili za shingo zinapaswa kwenda sambamba. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na pale shingo inapokutana na mwili, uutumie uzi huo kama rula. Katikati, karibu na freti ya saba, unatakiwa kuona nafasi ndogo sana kati ya uzi na freti, robo ya milimita hivi. Nafasi ikiwa kubwa, uliza kama kuna fimbo ya kurekebisha. Hapo ndipo hofu yangu kuhusu hilo la stoo ilipo: magitaa mengi ya bei nafuu ya Japani ya miaka ya 60 yaliwekewa chuma kisichorekebishika ndani ya shingo. Likipinda, hakuna skrubu ya kuzungusha. Likiwa limenyooka baada ya miaka yote hiyo, litakuwa limeshathibitisha kwamba mbao yake ilikaushwa vizuri, na hapo lichukue kwa moyo mweupe. Pikapu za Teisco na Guyatone, chapa za Kijapani za wakati ule, zina sauti ya ukali fulani mtamu ambayo magitaa ya kisasa hayana.

Nenda na mita ya umeme. Chomeka waya wa gitaa, fungua voliumu yote, pima ohms kwenye ncha ya pili ya waya, huku ukibadilisha swichi pikapu moja baada ya nyingine. Pikapu za koili moja za aina ya Fender husoma takribani kilo-ohms 5.5 hadi 7, za koili mbili za Gibson 7 hadi 8.5. Za Kijapani hutofautiana sana, kwa hiyo namba yenyewe isikusumbue. Mita isiposoma chochote kwenye pikapu moja, huenda waya wake, ambao ni mwembamba kama unywele, umekatika ndani. Si mwisho wa gitaa, lakini ni hoja nzuri ya kushusha bei. Voliumu inayokwaruza ukiizungusha mara nyingi ni vumbi tu, na vumbi la huku unalijua. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme humaliza hilo. Tafadhali usimwagie mafuta ya taa.

Swali la lipi lianze, kama ningekuwa nachagua kwa niaba yako, jibu lisingekuwa kati ya hayo mawili. Ningeanza na la Kijapani la kati ya 1975 na 1984. Miaka ile viwanda vya Japani viliiga miundo ya Kimarekani kwa uangalifu kiasi kwamba mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson iliwashtaki wasambazaji wa Ibanez kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka 1982 Fender wenyewe wakaanzisha Fender Japan. Ibanez, Greco, Tokai na Yamaha za wakati huo zina fimbo ya kurekebisha shingo, vipuri vyake vinapatikana, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya Marekani. Hilo ndilo gitaa la kupeleka kwenye shughuli Jumamosi bila moyo kudunda.

Baada ya hapo jenga kwa sauti, si kwa majina. Mtu anayependa solo za dansi, zile nyuzi safi zinazong'aa juu ya ridhimu kama alivyozipiga Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, anahitaji kwanza gitaa la koili moja. La pili liwe la koili mbili, ambalo halivumi kelele ya umeme na sauti yake ni nene. La tatu liwe na mwili wenye uwazi ndani, Höfner au Framus za Ujerumani kwa mfano, kwa ridhimu na nyimbo za taratibu. Ukishakuwa na hayo matatu utajua mwenyewe kama la nne linahitajika. Wengi wanaonunua mengi kwa haraka huishia na magitaa matano yenye sauti moja.

Kuhusu ukavu, hofu yako ni ya kweli. Magitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 55, na Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hewa inaweza kukauka chini ya hapo, kisha mvua za Desemba huigeuza ghafla. Mbao hunywea, freti hazinywei, na ndiyo maana mwezi wa Septemba unaweza kupitisha kiganja pembeni mwa shingo ukahisi ncha za freti zinachoma. Nunua kipimaunyevu kidogo, hakina gharama kubwa. Kiangazi weka magitaa kwenye maboksi yake magumu, na ndani ya kila boksi sponji lenye unyevu, lililokamuliwa, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu. Sponji lisiguse mbao. Usiyatundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa tisa, wala usiyaweke juu ya kabati chini ya bati. Ubao wa vidole (uso wa shingo unapobania nyuzi) wa mbao nyeusi upake matone machache ya mafuta ya limau yanayouzwa kwa ajili ya magitaa, mara moja au mbili kwa mwaka. Ubao mweupe wenye vanishi usiupake kitu.

Gitaa lililosafiri kutoka Dar es Salaam au ng'ambo lipe wiki nzima ndani ya nyumba yako kabla ya kugusa fimbo ya shingo. Ukikaza siku ya kwanza, utakaza tena siku ya kumi. Njiani lisikae kwenye buti la basi; ukija na treni ya SGR, kaa nalo. Na kama vanishi yake ni ile ya zamani ya nitro, usiliache kwenye stendi yenye mpira, maana mpira huila. Zungushia kitambaa cha pamba.

Sasa hiyo Stratocaster ya 1966. Muuzaji akikuonyesha namba kwenye bamba la nyuma, haitoshi, kwa kuwa bamba lina skrubu nne tu na huhamishwa kwa dakika tano. Namba zilizogongwa kwenye potenshiometa, vile vifaa vya ndani vya kuzungusha voliumu na toni, husaidia zaidi: 137 ni kiwanda cha CTS, kisha 66 ni mwaka, kisha wiki. Lakini mwaka ule Fender walinunua shehena kubwa wakaitumia kwa miaka kadhaa, hivyo gitaa lenye potenshiometa za 1966 linaweza kabisa kuwa la 1968. Namba hiyo inakuambia tu kwamba gitaa si la kabla ya hapo. Tarehe yenye uzito zaidi imepigwa mhuri kwenye kisigino cha shingo, na haionekani mpaka shingo ifunguliwe.

Kuna na suala la mbao. Ubao wa vidole wa gitaa la Marekani la wakati huo unaweza kuwa rozwudi ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, na tangu 1992 mti huo uko kwenye kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Ikiwa ndiyo, vibali vinahitajika, na bila hivyo gitaa linaweza kuzuiliwa. Muuzaji akikuuzia na amplifaya yake ya vali, kumbuka ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha kutoka volti 230 itarekebisha volti, hezi zitabaki 50, na transfoma ya ndani itapata moto zaidi. Fundi aikague, aifunge waya wa athi, na wewe usiifungue, kwa sababu kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuizima.

Mwandikie muuzaji leo. Omba picha ya kisigino cha shingo ikiwa imefunguliwa, picha ya lehemu zote chini ya plastiki ya mbele, na maelezo ya maandishi ya aina ya mbao. Akikataa hata moja, fedha hiyo itakununulia Tokai mbili na boksi zake.