Kabla hujawasha kamera, uliza mdundo ni wa nani

Wadogo zangu mnaotaka kupeleka kazi kwenye tamasha la filamu za hip hop, anzeni na karatasi za idhini ya muziki. Kamera mtakodi. Filamu yangu ya kwanza ilimhusu emsii (mchanaji wa rap) mmoja wa Kisauni, Mombasa. Waandaaji wa tamasha waliipenda, kisha wakaomba idhini za muziki. Emsii alikuwa ameniruhusu kwa moyo mweupe, lakini mdundo aliupakua mtandaoni, na ndani yake mlikuwa na kipande cha santuri ya zamani. Idhini za wenyewe sikuwa nazo, filamu ikaondolewa kwenye ratiba. Niliumia sana.

Utamaduni wa hip hop wenyewe ulilelewa na santuri za watu. DJ Kool Herc, aliyepiga muziki kwenye ile sherehe ya Agosti 1973 kule Bronx, New York, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip hop, alikuwa akirefusha kipande cha ngoma kwa nakala mbili za santuri moja. Ila filamu ina sheria zake. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na huenda kila moja ina mwenyewe. Leseni ya muziki mnayoiona hotelini ni ya kupiga muziki hadharani. Haikupi ruhusa ya kuutia ndani ya filamu. Mimi sasa namtafuta produsa wa hapa hapa Mombasa anitengenezee mdundo mpya, na tunatia saini kabla ya kupiga picha: malipo, tamasha, mtandao, yote. Akikwambia "sisi ni ndugu," andikianeni vilevile. Mchoraji wa ukutani naye asisahaulike, kama mchoro wake utaonekana kwenye filamu.

Mkirekodi emsii akichana mistari, mdundo ausikie kwenye iyafoni, sauti yake ibaki safi. Hapo mdundo ukileta kesi, unaubadilisha. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, pana upepo mkali, kipaza sauti kivisheni manyoya. Vichochoro vya Mji wa Kale vinakinga upepo, ila pangeni saa zenu na adhana.

Kwa maonyesho ya hapa Kenya, filamu ipelekeni kwanza KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, ikaainishwe.

Tafsiri ya chini ya picha msiifanye peke yenu. Emsii wangu alisema "napaa tangu alfajiri," nami nikaandika kwamba anaruka angani. Alipoiona akanyamaza, kisha akanieleza: mamake huuza samaki, na yeye ndiye anayewapaa, yaani kuwaondoa magamba, kabla ya jua kuchomoza.