Ukichora tembo kwenye bamba, anzia miguuni

Kijana akija kwangu hapa Mtwara kujifunza echingi, yaani kuchimba mistari kwenye bamba la metali kwa dawa, kuijaza wino na kuichapa kwenye karatasi, atataka tembo, na ataanza na kichwa: masikio yamepanuliwa, mkonga juu. Anatoka tembo wa kwenye kanga. Mimi humwambia aanze na miguu.

Nguvu za tembo ni uzito, na uzito huonekana pale mguu unapokutana na ardhi. Wayo wake una mafuta laini ndani: akiukanyagia unatanuka, akiuinua unasinyaa. Kwa hiyo usimpe miguu minne ya upana mmoja. Mgongo nao, tembo wetu wa Liwale amebonyea katikati; aliyebinuka juu ni wa Asia.

Bamba langu ni alumini. Dawa ni mrututu (salfeti ya shaba) wa duka la pembejeo, nakoroga na chumvi na maji kwenye beseni la plastiki. Tindikali ya naitriki siiruhusu ndani, moshi wake ni sumu. Hata mrututu huchemka ukikutana na alumini, basi vaa glavu, fungua madirisha. Bamba unalipaka nta iliyoyeyushwa pamoja na lami. Ikishika, unachora kwa sindano. Sindano inakwangua nta tu, kuchimba ni kazi ya dawa. Tope jekundu la shaba likijaa kwenye mistari, lisukume kwa unyoya wa kuku.

Utamu wenyewe uko hapa: mistari yote isikae kwenye dawa muda mmoja. Toa bamba mapema, suuza, kausha, ziba mgongo na masikio kwa vanishi, rudisha. Toa tena, ziba mbavu. Mwisho ibaki wazi chini ya tumbo, ndani ya mapaja na kivuli cha nyayo. Huko mifereji itaingia ndani na kubeba wino mwingi, na mnyama atakaa chini kweli. Mikunjo ya ngozi izunguke goti, ining'inie makalioni. Ukiikatiza ovyo ovyo unapata wavu wa samaki.

Rembrandt, yule Mholanzi, mwaka 1638 alimweka tembo mdogo nyuma ya Adamu na Hawa katika echingi yake. Vimistari vichache tu, lakini mzito!

Kumbuka picha hutoka imegeuka. Tembo huwa na pembe moja anayoipendelea kuchimbia, nayo huchakaa ikawa fupi. Ukitaka ionekane kulia kwenye karatasi, ichore kushoto.

Siku ya kuchapa, lowesha karatasi kwanza. Wino ufute vizuri mgongoni. Tumboni pitisha kitambaa kijuujuu tu.