Kuongea tu kunambadilishaje mtu?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23. Akipenda, anapenda mno. Akikasirika, siku hiyohiyo anafuta namba yako. Mara mbili amejiumiza baada ya kugombana na mchumba wake. Hospitali wamesema ana tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi na kuhusiana na wenzake, aina ya bodalaini (borderline), wakampangia mwanasaikolojia kila wiki. Huu mwezi wa tatu, nalipa mimi, na juzi kalipuka tena. Kuongea tu kunambadilishaje mtu? Si bora wampe dawa? (Dada mtu, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Tuanze na dawa, maana hapo jibu ni fupi. Hakuna dawa ya kutibu bodalaini yenyewe. Hutolewa kwa kinachoambatana nayo, kama sonona. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2009 unasema hivyo, na unaonya pia dhidi ya tiba ya mazungumzo isiyofika miezi 3. Kwa hiyo ninyi ndiyo kwanza mko mlangoni.

Sasa hilo la "kuongea tu". Kama kweli wanaongea tu, una haki ya kulalamika. "Punguza hasira, jiamini, muombe Mungu" mdogo wako kayasikia tangu utotoni. Tiba yenyewe ni kazi nyingine. Chukua mfano wa DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya mazungumzo yenye mafunzo ya kutuliza hisia, iliyobuniwa na Marsha Linehan huko Seattle, Marekani, na ambayo matokeo ya jaribio lake la kwanza yalichapishwa mwaka 1991. Kwa kawaida ni mwaka mzima: kila wiki kikao cha watu wawili cha kama saa 1, na darasa la kikundi la saa 2 au 2 na nusu la kufundishwa mbinu. Kati ya vikao anaruhusiwa kupiga simu kuomba mwongozo. Wataalamu nao hukutana kila wiki kusaidiana na kutiana moyo, kwa sababu kazi hii inachosha, na mtaalamu aliyechoka huanza kugomba.

Kila siku mgonjwa hujaza kadi: hamu ya kujiumiza kuanzia 0 hadi 5, hisia zilizomjia, mbinu aliyoitumia. Kikao huanza na kadi hiyo. Kama wiki ile alijiumiza, hiyo ndiyo mada, hata kama yeye anataka kumsema mchumba.

Hapo tukio moja hufumuliwa kiungo kwa kiungo, kama mnyororo. Tuseme Jumatano hajala tangu asubuhi. Saa 9 alasiri anamtumia mchumba ujumbe. Tiki mbili za bluu, kimya. Wazo linakuja: "Ameniacha." Kifua kinabana. Anapiga simu mara 11, anajibiwa kwa ukali, aibu inampanda, anajiumiza. Moyo unapoa kwa dakika chache, na nafuu hiyo fupi ndiyo inayomrudisha palepale siku nyingine. Jioni nyumba nzima imemzunguka, mchumba kaja na chipsi kuku. Kwa siku moja kalipwa mara mbili.

Mtaalamu anauliza: tungekata wapi? Pengine kwenye chakula cha mchana. Pengine kwenye lile wazo: kimya kile kingekuwa na maana gani nyingine? Au kwenye simu ya tatu: uso kwenye beseni la maji baridi, pumzi imebanwa, sekunde 30, mapigo ya moyo hushuka (mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza). Kesho yake hafanyi hata kimoja. Ndiyo maana mnyororo unafumuliwa tena na tena kwa miezi, mpaka siku moja anaukata mwenyewe katikati ya joto.

Kuna jambo familia nyingi huliona kama kushindwa: mgonjwa anamkasirikia mtaalamu na kutaka kuacha. Hapo ndipo tiba ilipo. Yale yanayovunja mapenzi na urafiki wake yamehamia chumbani, na safari hii mtu wa pili hakimbii wala halipizi, wanakaa wanayatengeneza. Asipokwenda kikao kinachofuata, somo lile linampita.

Wewe usipime kwa "kalipuka au hakulipuka". Andika ni mara ngapi kwa mwezi, na inamchukua muda gani kutulia. Akijiumiza, mhudumie bila mihadhara na bila sherehe, kisha mpe muda wako siku za kawaida, siyo siku za moto tu. Akitaja kufa, hiyo ni habari nyingine: usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Utafiti wa Marekani uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, ukiongozwa na Mary Zanarini, ulikuta wengi mno hawana tena dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Walioshika pia kazi na mahusiano imara walikuwa kama nusu. Kazi na mahusiano huchelewa.

SWALI: Mume wangu anajiona yeye tu ndiye mtu. Nimlazimishe aende tiba? (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Majivuno peke yake hayatoshi kuitwa tatizo la haiba, na kwa aina ya tatizo la haiba ya kujikweza hakuna tiba iliyojaribiwa sana kama DBT ilivyojaribiwa kwa bodalaini. Watu wa namna hii mara nyingi huenda wenyewe kitu kikivunjika: kazi imekwisha, sonona imewashika. Aliyelazimishwa hukaa pale akimpa mtaalamu alama. Ila kama anakupiga, msianze na kikao cha pamoja, maana utakayoyasema pale utayalipia nyumbani. Nenda kwanza peke yako, na Dawati la Jinsia la polisi lipo.