Dishi la setilaiti kwa shule ya Pate: anzeni na betri

Ndugu muuliza, umesema mfadhili amewaahidi dishi la Starlink na malipo ya mwaka mmoja, ukataka kujua kama litaitosha shule yenu huko kisiwani Pate, Lamu. Kwa intaneti litatosha na kubaki. Kitakachowatoa jasho ni umeme, na chumvi.

Nimefundisha shule moja ya kisiwa hicho hicho. Dishi lilifungwa mwanzo wa muhula, tukashangilia; muhula haujaisha, betri zimekufa. Piga hesabu uone. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, mtu awe analitumia au hapana. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, na hizi za asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku unazichimbia kaburi. Basi bila jua una saa 6 hadi 8. Sisi tuliliacha liwake usiku kucha, vijana wamejipanga kwenye baraza la shule wakishusha video za mpira. Simlaumu mtu, na mimi nilikuwemo.

Tulinunua swichi ya saa: saa moja asubuhi inawasha, saa kumi jioni inazima. Kisha tukaweka seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi masomo na kuyagawa darasani: kikompyuta cha Raspberry Pi kisichofika wati 10, ndani yake Kolibri, programu ya masomo, na Kiwix, programu ya kusomea nakala ya Wikipedia, ambazo hazihitaji intaneti zikishapakiwa. Tableti za ule mradi wa serikali wa 2016, wa kugawia shule za msingi vifaa vya kidijitali, zilikuwa kabatini. Tukazitoa, zile zilizokubali kuchaji zikaunganishwa na ruta ya darasani. Dishi likabaki na kazi ya kushusha masomo mapya. Mfadhili akiondoka, masomo hayaondoki naye, na hilo kwangu ndilo kubwa.

Siku moja darasa lilifungua ukurasa wa mwezi na kujaa kwa maji. Mtoto wa mvuvi akausoma wote, akaniuliza mbona bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, haikutajwa, wala maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Nikamkabidhi chaki.

Sasa chumvi. Mtandao ukianza kukatika katika, msikimbilie kumpigia mtoa huduma. Chomoeni waya nyuma ya ruta mtazame vile vijino vya shaba. Vyetu vilikuwa na ukoko wa kijani baada ya msimu mmoja wa upepo wa kusi. Kila kiungo cha nje kipakeni grisi na kukifunga kwa mpira, na paneli zioshwe kwa maji ya mvua, si ya kisima cha chumvi.

Vichwa vya waya nunueni kumi, si viwili. Kimoja kikiharibika ni safari ya Lamu mjini, na boti inasubiri maji yajae ndipo ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari njiani.

Hebu niambie, paa la shule ni bati au makuti? Namna ya kulifunga dishi si moja.